Kosa Lililooshwa

Inspekta alimwaga mfuko mzima wa taka juu ya meza, akavuta kiti, akakaa kama mtu anayesubiri kuandaliwa chakula.

Meza yenyewe ilikuwa mbao zilizolazwa juu ya mapipa, katika uwanja wa kituo cha kukusanyia taka. Jua lilikuwa limepanda, na inzi walikuwa wameshapata habari kwamba kuna wageni. Koplo alisimama mbali, leso puani, akiwa na sura ya mtu aliyejiunga na polisi kwa ajili ya sare.

"Inspekta, sisi tunatafuta mtu aliyepotea. Huku kwenye taka tunatafuta nini?"

"Mtu aliyepotea."

"Kwenye maganda ya viazi?"

"Kwa nini isiwe kwenye maganda ya viazi?"

Kituoni kwao Inspekta huyu aliitwa Kwanini, maana neno hilo lilimtoka mdomoni kabla hata ya salamu. Wakubwa wake walishachoka kulijibu, na wahalifu kadhaa walikuwa gerezani kwa sababu walijaribu kulijibu.

Aliyepotea alikuwa mjane mmoja, fundi cherehani mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapipa. Jina hilo hakupewa kwa kejeli. Jiji lilipoleta sheria ya kutenga taka, watu walicheka wakasema taka ni taka, tangu lini uchafu ukapangiwa vyumba. Yeye hakucheka. Alipita nyumba hadi nyumba akiwaonyesha wenye bidii na wavivu: mabaki ya chakula pipa la kijani, karatasi na plastiki kwenye mfuko mwangavu, vikiwa vikavu na visafi, vioo na makopo yaliyooshwa kila kimoja kwenye kreti lake, na kilichobaki, ambacho alidai kisizidi konzi moja, pipa jeusi. Kopo lisilooshwa alilirudisha kwa mwenyewe, mlangoni, mbele ya wageni wake. Watu walimwogopa, halafu wakamzoea, halafu wakampenda, na mtaa ule ukawa msafi hata watu wa mitaa mingine wakawa wanakuja kuutazama. Mimi ninayesimulia nasema wazi: mtu wa namna hiyo mmoja anatosha kuliweka jiji zima kwenye mstari.

Sasa simu yake ilikuwa ikipokelewa na mpwa wake, mtoto wa kaka yake, aliyehamia kwake kwa maelezo kwamba anamwangalia. Binti wa Mama Mapipa, anayefanya kazi nchi ya mbali, kila akipiga aliambiwa mama amesafiri kwenda kwa ndugu na huko mtandao haushiki. Ndugu wenyewe walipoulizwa walisema hawajamwona. Binti akapiga kituo cha polisi akilia.

Jana Inspekta alibisha hodi. Mpwa alitabasamu getini bila kulifungua zaidi ya upana wa bega lake. "Shangazi ni mtu mzima, afande. Anaaga akitaka." Jirani wa ukuta mmoja naye alidai Mama Mapipa alikuwa ameanza kusahausahau, labda ametoka akapotea njia. Hakimu akakataa kutoa hati ya upekuzi. Mtu mzima kusafiri si kosa, alisema, na hapo hakukosea. Lakini dalali mmoja wa nyumba alikuwa ameonekana akipima uwanja wa Mama Mapipa kwa hatua, na alipobanwa alisema mpwa amemwahidi dole gumba la mwenye nyumba kwenye hati ya mauzo kabla wiki haijaisha. Hilo ndilo lililomkosesha Inspekta usingizi. Alijua mzee hufanywa nini akishabakiwa na thamani ya dole gumba tu.

Kwa hiyo asubuhi hii alikuwa amejibanza ng'ambo ya barabara. Mpwa alipotoka na kandambili akautupa mfuko mwangavu nje ya geti, Inspekta aliubeba kabla lori la taka halijafika.

"Haya, Koplo. Sema unachokiona."

Koplo alisogea hatua, akajuta, akasogea tena. "Vurugu. Karatasi, kopo, maganda, hilo furushi la kitambaa, vyote pamoja. Huu si mfuko wa Mama Mapipa. Huu ni wa mpwa. Maana yake mama hayumo mle ndani." Alishusha sauti. "Mimi naona ameshamuua, Inspekta."

"Hoja nzuri," Inspekta alisema, na Koplo akavimba kidogo, kwa kuwa maneno hayo hayakutolewa ovyo. "Sasa shika hilo kopo."

"Kwa nini?"

"Hilo ni swali langu. Shika."

Koplo alilishika kopo la samaki kwa vidole kama anashika mkia wa panya. Akaligeuza. Akalinusa kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha akaishusha leso yake.

"Halinuki."

"Endelea."

"Limeoshwa. Hata mafuta hamna. Na kifuniko kimekunjwa kuingia ndani, kisimkate mtu."

"Fungua hayo maganda."

Maganda ya viazi yalikuwa yamefungwa kwenye karatasi kavu, pembe zimekunjwa kwa ndani, hata tone la maji halikupita. Karatasi nyingine zilizozunguka zilikuwa safi kama zimetoka dukani. Kisha Inspekta akachukua furushi la kitambaa. Lilikuwa limeshonwa pande zote kwa mkono, vishono vidogo vilivyofuatana sawasawa. Akafumua pembe moja tu. Ndani mlikuwa na mng'ao wa kioo kilichovunjika.

Ndani ya mfuko wa karatasi na plastiki, mahali ambapo kioo hakitakiwi kabisa, kioo kilikuwa kimevishwa nguo.

"Mvivu haoshi kopo," alisema. "Aliyesahau sheria anazisahau zote, hasahau mahali pa kuweka akakumbuka namna ya kukunja. Huyu ameosha, amekunja, ameshona ili asimwumize mzoaji. Halafu kila kitu amekiweka mahali anapojua hakitakiwi. Koplo, huyu amekosea kwa makusudi, na hata kukosea kwenyewe hajakuzoea."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo jana alikuwa na mikono ya kushonea. Yumo ndani, na yu hai."

Koplo alisahau inzi. "Lakini kama anaomba msaada, si angeweka kikaratasi? Neno moja tu, nisaidieni."

Inspekta alimwonyesha mdomo wa mfuko. Plastiki ilikuwa na mikunjo ya fundo dogo, la ustadi, lililofumuliwa. Juu yake kulikuwa na fundo lingine kubwa la ovyo. "Amefunga yeye, mpwa akafungua akapekua, akafunga tena. Maandishi angeyaona. Kopo lililokaa pabaya halioni. Kwake yeye taka ni taka."

"Na mama analijua hilo."

"Mama analijua hilo," Inspekta alisema, na sauti yake ilikuwa na heshima ambayo Koplo hakuwahi kuisikia ikitolewa kwa mkuu yeyote wa polisi. "Kilichobaki ni kimoja. Mfuko uliochanganywa hauchukuliwi. Unabandikwa stika nyekundu, unaachwa getini mtaa mzima uone. Mwenye nyumba akirudia, bwana afya anakuja kumfundisha jikoni kwake, na lazima amwone yeye mwenyewe, ana kwa ana. Haruhusiwi kutuma mtu. Unajua nani alikishikilia kifungu hicho kwenye mkutano wa mtaa?"

"Mama Mapipa?"

"Mama Mapipa. Alisema wenye nyumba wanachafua halafu wanawasukumia wasichana wa kazi lawama. Sasa amekitumia kujiitia mtu. Kwa nini mtu huyo hajafika?"

Hapo lori liliingia uwanjani likilalamika. Dereva wake, mtu wa miraba minne aliyejulikana kote kwa jina la Breki, aliruka chini akifuta mikono.

"Habari za kazi?" Inspekta akamwuliza.

"Nzuri, afande."

"Taka za Mama Mapipa zikoje siku hizi?"

"Safi. Kama kawaida yake."

"Siku zote?"

"Siku zote, afande. Yule si wa kuulizia."

"Na za leo?"

"Za leo sikuzikuta."

"Ninazo mimi. Njoo uzione."

Breki alikuja mezani. Akatazama kopo, maganda, karatasi. Akatazama viatu vyake.

"Kwa nini hukushangaa?" Inspekta akauliza kwa upole.

"Afande?"

"Umeniambia taka zake ni safi siku zote. Leo unakuta mchanganyiko huu na hata hukuguna. Kwa nini?"

Breki alivua kofia akaivaa tena. Wenzake wawili waliokuwa nyuma ya lori ghafla wakapata kazi upande wa pili.

"Nani angembandika, afande?" alisema hatimaye. "Mimi? Niliifanya kazi hii miaka watu wakiziba pua nikipita. Mama yule ndiye wa kwanza mtaa mzima kunipa mkono. Mkono mtupu, bila glavu, akaniuliza watoto hawajambo. Leo nimwekee stika nyekundu getini, watu wapite wakicheka? Tulijua ameanza kuchoka kichwa. Uzee ni uzee. Tukasema tumsitiri. Tunasimamisha lori pale chini ya dirisha lake, tunafungua mfuko, tunamtengea wenyewe, tunaondoka. Hakuna aliyejua."

"Tangu lini?"

"Tangu yule mpwa wake ahamie."

"Na kila mara makopo yalikuwa yameoshwa?"

"Kila mara. Sisi tukasema, ona, hata amechoka hivi usafi haujamtoka." Breki alitabasamu, kisha tabasamu likamfia usoni. Hakuwa mjinga. Alilitazama furushi lililoshonwa, akamtazama Inspekta, akatazama tena furushi. "Afande. Alikuwa anataka tumbandike?"

Inspekta hakujua amkaripie au amkumbatie, na kwa kuwa kazi yake haikuruhusu lolote kati ya hayo, alimwomba stika. Zilikuwa kwenye kabati la lori, bunda zima, juu limejaa vumbi. Mtaa ule ulikuwa haujawahi kuzihitaji.

Bwana afya walimkuta ofisini kwake, mtu mwembamba mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, ambaye tangu aajiriwe hajapata mtu wa kumsomea kifungu. Alimsikiliza Inspekta, akamsikiliza Breki akikiri kwamba makosa ya nyuma aliyaficha yeye, akaandika, akamwambia atie sahihi. Kisha akafunga kalamu yake.

"Kosa limerudiwa. Natakiwa kumwona mwenye nyumba."

"Mimi sina ruhusa ya kuvuka kizingiti kile," Inspekta alisema.

"Mimi ninayo."

"Na kama unaogopa kwenda peke yako?"

Bwana afya alikuwa mwepesi wa kuelewa. "Sheria ndogo inaniruhusu kuomba ulinzi wa polisi."

"Basi omba."

"Naomba, afande."

"Tumekubali. Koplo, washa gari."

Mpwa alifungua geti kwa upana ule ule wa bega. Alimwona Inspekta akakunja uso, akaona koti jeupe akakunjua, akaona mfuko wenye stika nyekundu akacheka kabisa.

"Yaani polisi mmeletwa na taka?"

"Mwenye nyumba yuko wapi?" Bwana afya aliuliza.

"Amesafiri. Nimeshasema mpaka nimechoka. Taka ni zangu, kosa ni langu. Mimi mambo ya kutenga siyajui, nisameheni, nitajifunza."

"Taka zote hizi ni zako?" Inspekta aliuliza.

"Zote."

"Kopo hili uliosha wewe?"

"Ndiyo."

"Na kioo hiki ulivunja wewe?"

"Glasi iliniponyoka. Nikaifunga kwenye kitambaa, nisiwakate hawa ndugu zetu." Alimwonyesha Breki kwa kidevu, akijisikia mwema.

"Umefanya vizuri sana. Ulikifunga vipi?"

"Hivi hivi tu. Nilizungusha nikapiga fundo."

Inspekta alimpa furushi. "Nionyeshe fundo."

Mpwa aliligeuza. Akaligeuza tena. Akaligeuza upande wa chini, kama vile fundo lilikuwa limetoka kidogo na litarudi. Vishono vya shangazi yake vilikuwa vimejipanga mbele ya macho yake, na kwa mara ya kwanza akaviona.

Bwana afya alikisoma kifungu neno kwa neno, kwa sauti ya kusomea hukumu, na kabla hajafika mwisho mguu wake mmoja ulikuwa umeshavuka geti. Mpwa akamwekea Bwana afya mkono kifuani kumzuia. Hilo Koplo alikuwa akilisubiri kwa hamu. Kumzuia ofisa kazini ni kosa jingine kabisa, na hilo linahusu polisi. Pingu zikalia.

Jiko lilikuwa dogo na safi. Kwenye sinki kulikuwa na kopo moja limefudikizwa likauke. Kando yake mapipa yote yamepangwa, kila moja na kifuniko chake, na kwenye kila kifuniko Mama Mapipa alikuwa amebandika kipande cha kile kinachotakiwa kuingia, ganda kavu kwenye cha mabaki, karatasi na plastiki kwenye cha vitu vikavu, ili hata asiyejua kusoma asikosee. Inspekta alisimama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Alikuwa ameingia kwenye nyumba za watu wengi wakubwa, na hakukumbuka jiko lililomfanya atake kuvua kofia.

Ukumbini mlango mmoja ulikuwa na kufuli upande wa nje. Ufunguo ulitoka mfukoni mwa mpwa.

Mama Mapipa alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, mgongo umenyooka, kilemba kimefungwa vizuri. Amekonda. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa na alama ya kuminywa, na mkono huo alikuwa ameukunja ngumi, dole gumba limefichwa ndani. Chumba kilijaa watu na hakuna aliyejua pa kuanzia.

"Shikamoo, mama," Koplo alisema.

"Marahaba, baba."

"Amekuumiza?" Inspekta aliuliza, akipiga magoti karibu naye.

"Alitaka dole gumba. Sikumpa." Akaifungua ngumi polepole, kana kwamba vidole vilikuwa vimesahau njia. "Binti yangu anajua?"

"Yeye ndiye aliyetuita. Utazungumza naye sasa hivi. Lakini wewe ndiye uliyetufungulia mlango, mama. Nimefanya kazi hii muda mrefu, sijaona mtu aliyeita kwa akili kama yako."

Mama Mapipa alizipokea sifa kama mtu anayepokea chenji, akaziweka kando. Macho yake yalikuwa mlangoni. Breki alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, hawezi kuingia wala kuondoka.

"Dereva."

"Naam, mama."

"Nilikuwa nawasikia."

Breki aliizungusha kofia mkononi.

"Kila mlipokuja. Huyu mtoto wa kaka yangu anakaa hapo, kashika mkasi wangu wa kukatia vitambaa, ananiambia nikikohoa tu nitakiona. Basi nanyamaza, nasikiliza. Nasikia lori linasimama. Nasikia mnafungua mfuko. Nasema moyoni, leo wataona, leo wanabandika. Halafu nakusikia wewe, hapo dirishani: 'Maskini, mama kazeeka. Tumsitiri.'"

"Mama, tulikuwa tunakuheshimu."

"Najua. Ndiyo maana nililia." Aliyafuta macho kwa upindo wa kanga, bila aibu. "Nikajiambia hawa wanangu wananipenda mpaka wataniua. Alikuwa ananitoa kwenda jikoni tu, nimpikie na kuosha, basi mara ya kwanza niliweka kopo tu. Mkalitoa. Nikaweka kopo na maganda. Mkayatoa. Mpaka nikavunja glasi ya harusi yangu, nikasema kioo kwenye karatasi hawatakivumilia. Jana usiku nimeshona nikimwomba Mungu awape ukali kidogo."

Breki alifunika uso kwa kofia. Mabega yake makubwa yalikuwa yakitikisika.

"Njoo hapa," Mama Mapipa alisema, na alipokuja alimshika mkono, ule mkono wa kazi, akaubana kwa nguvu zilizomshangaza kila mtu mle chumbani. "Siku nyingine nikikosea, mwanangu, nibandike. Nibandike mtaa mzima uone."

Breki aliitikia kwa kichwa, bila kuutoa mkono wake.